"Sanction": neno la Kiingereza linaloruhusu na kuzuia, na namna ya kulisoma bila kuteleza

Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya magari pale Kariakoo, mtu niliyemfasiria barua kwa miaka, aliipiga picha karatasi fulani akanirushia kwa WhatsApp. Ilikuwa imetoka kwa kampuni ya ng'ambo aliyokuwa akinunua mzigo kwake. Juu iliandikwa "Sanctioned Banks", na chini yake yakafuata majina ya benki kama kumi na tano. Hapakuwa na maelezo mengine. "Mwalimu, hii inasemaje?" Mimi nilikuwa kwenye daladala, nimening'inia kwa mkono mmoja. Nikajibu: "Benki zilizoidhinishwa."

Akanishukuru. Akamwambia wakala wake apitishie malipo katika benki mojawapo ya zile. Pesa zikakwama wiki tatu, na muuzaji akamwandikia kwa ukali akimuuliza kama hajui kusoma.

Kilichoniuma ni kwamba kamusi ilikuwa upande wangu. Ukifungua kamusi yoyote nzuri ya Kiingereza utakuta "to sanction" ni kuidhinisha, kutoa kibali rasmi. Shuka mstari mmoja, utakuta "to sanction" ni kuadhibu, kuwekea vikwazo. Neno ni lile lile, herufi zile zile, matamshi yale yale: mkazo unakaa mwanzoni, na sehemu ya pili inatamkwa kama "shan".

Usishangae sana, maana hata sisi tuna "kuazima". Nikisema "nimeazima jembe", huenda nimelichukua kwa jirani, huenda nimempa. Hatuchanganyikiwi kwa sababu sentensi nzima inatuongoza. Kwa "sanction" Mwingereza naye anaongozwa na sentensi nzima, na kazi ya mwongozo huu ni kukuonyesha anatazama wapi.

Lilikotoka

Ukijua mzizi wake, maana zote mbili zinakaa kichwani bila kukariri. Kilatini kina kitenzi "sancire", yaani kuliweka jambo chini ya ulinzi wa utakatifu, kulitangaza kuwa halivunjwi. Ukoo huo ndio uliotuletea "saint", "sanctuary" na "sanctity". Katika sheria za Warumi, kifungu kilichoeleza atakachofanyiwa mvunjaji kiliitwa "sanctio". Kwa hiyo tangu mwanzo neno lilibeba vitu viwili pamoja: sheria inayolipa jambo nguvu, na fimbo inayoilinda sheria hiyo.

Kiingereza kililipokea katika karne ya 16 likiwa na maana ya amri au sheria yenyewe. Baadaye likagawanyika. Upande mmoja ukaelekea kwenye adhabu ya mvunja sheria, upande wa pili ukaelekea kwenye nguvu ambayo mamlaka inalipa jambo, ndiyo idhini. Kitenzi chenye maana ya kuiwekea nchi au mtu vikwazo ni kitoto kabisa, kilishika mizizi katikati ya karne ya 20. Ndiyo maana ukisoma Kiingereza cha miaka 200 iliyopita ukakuta "he sanctioned it", usijisumbue kutafuta adhabu. Alikubali, basi.

Ile maana ya kwanza kabisa, ya amri, imebaki katika majina ya kihistoria tu. "Pragmatic Sanction" ya mwaka 1713, ambayo Kaizari Charles VI aliitoa ili binti aweze kurithi milki za ukoo wake wa Habsburg, si kibali wala kikwazo. Ni amri ya kifalme.

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa ambayo Mwingereza hana. Tunalo neno "haramu", lenye mzizi wa Kiarabu unaobeba utakatifu na ukatazo kwa pamoja. Kilicho haramu kimekatazwa, na Masjid al-Haram wa Makka ni msikiti mtukufu kuliko yote. Anayekwenda hija anavaa ihramu, na ndugu wasiooana wanaitwa maharimu. Ni wazo la ua uliozungushiwa kitu: aliye ndani ua unamlinda, aliye nje ua unamzuia. "Sanction" ina ua wa namna hiyo, na swali ni msemaji amesimama upande gani.

Hatua ya kwanza: tafuta kinachotendewa

Kanuni hii ningeifahamu siku ile kwenye daladala, yule bwana asingepoteza wiki tatu. Jiulize ni kitu gani kimefanyiwa "sanction". Kama ni tendo, mpango, malipo, mkutano au safari, karibu kila mara maana ni kuidhinisha. Kama ni mtu, kampuni, benki, meli au nchi, karibu kila mara maana ni kuadhibu au kuwekea vikwazo.

Tazama. "Parliament sanctioned the loan": mkopo ni jambo, kwa hiyo Bunge liliidhinisha mkopo. "The council sanctioned the general": jenerali ni mtu, kwa hiyo baraza lilimwekea vikwazo. "A sanctioned march" ni maandamano yenye kibali. "A sanctioned bank" ni ile iliyonitia aibu.

Iraki ndiyo mfano wake mkubwa. Tarehe 6 Agosti 1990, siku chache baada ya majeshi ya Iraki kuingia Kuwait, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 661 na kuiwekea nchi hiyo vikwazo vya kiuchumi. Mwezi Novemba mwaka huo likapitisha azimio namba 678 lililoruhusu nchi wanachama kutumia nguvu kuwatoa Wairaki Kuwait. Baraza moja, mwaka mmoja, na waandishi wa Kiingereza wakawa na "UN sanctions" mkono huu na "UN-sanctioned war" mkono ule. Machi 2003 Marekani na Uingereza zilipoivamia Iraki bila azimio jipya la kuziruhusu, mtu aliweza kuandika: "Iraq had been sanctioned by the UN. The invasion had not." Sentensi ya pili haikurudia hata kitenzi, na bado maana imegeuka chini juu. Kwa Kiswahili ujanja huo hauwezekani. Lazima useme kwamba Iraki ilikuwa imewekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa, na uvamizi haukuwa na idhini yake.

Sarufi yetu yenyewe ni kipimo kizuri. Jambo *huidhinishwa*, mtu *huwekewa* vikwazo. Ukiona huyo mtendewa anaingia vizuri kwenye "-wekewa", umeshapata jibu. Mtu naye anaweza kuidhinishiwa, lakini hapo kuna kitu cha tatu katikati: ameidhinishiwa mkopo, ameidhinishiwa likizo. Kiingereza nacho kitakitaja kitu hicho.

Kanuni hii ina mianya miwili. Wa kwanza ni pale tendo lenyewe linapokuwa ovu. Wanasheria huandika "to sanction misconduct" wakiwa na maana ya kuliadhibu kosa, na hapo tendo linaadhibiwa, haliruhusiwi. Lakini kama kuna ukanushi, mambo hugeuka: "The court will not sanction such conduct" maana yake mahakama haitaubariki mwenendo huo. Katika miaka yangu ya kufasiri, "cannot sanction", "refused to sanction" na "will never sanction" nimezikuta upande wa ruhusa karibu kila mara. Mtu husema hivyo akiwa amenyimwa kitu, au yeye mwenyewe ananyima.

Mwanya wa pili ni kistari. Zamani ungemwambia mwanafunzi kwamba neno likiungwa kwa kistari na jina la mamlaka, ni idhini: "state-sanctioned", "court-sanctioned", "church-sanctioned". Bado ni kweli kwa hizo. Ila magazeti ya leo yanaandika "a US-sanctioned tanker" yakimaanisha meli ya mafuta iliyowekewa vikwazo na Marekani. Kistari hakikuokoi. Rudi kwenye kanuni: meli si tendo.

Hatua ya pili: umoja, wingi, na nafasi ya "a"

Nomino ikiwa katika wingi, "sanctions", ni adhabu au vikwazo. Sijawahi kukutana na barua ya ofisini iliyotumia wingi huo kwa maana ya vibali. Ikiwa katika umoja bila "a", ni idhini: "with the sanction of the board", "without official sanction", "to give sanction to". Ikiwa katika umoja na ina "a" mbele, mara nyingi ni adhabu moja kati ya kadhaa: "a sanction for late filing", "a heavy sanction".

Hatua ya tatu: maneno yanayotembea nalo

Vikwazo kwa Kiingereza vina vitenzi vyake: "impose", "lift", "ease", "tighten", "evade". Nasi tunavyo: kuweka, kuondoa, kulegeza, kukaza, kukwepa. Kimojawapo kikiwa karibu, usiendelee kufikiri. Vivyo hivyo "on" na "against" zikifuata nyuma: "sanctions on", "sanctions against".

Idhini nayo ina wenzake: "give", "receive", "seek", "withhold", na nyuma yake "of" au "for".

Angalizo dogo kwa wanaoshughulika na benki na usafirishaji wa mizigo. Kwenye orodha ya vikwazo ya Wizara ya Fedha ya Marekani utakuta neno "designated". Linasikika kama mtu ameteuliwa kwenye cheo, na nimeona likifasiriwa hivyo. Maana yake ni kwamba ameingizwa kwenye orodha ya waliowekewa vikwazo. Akitolewa wanasema "delisted". Na kile kibali cha kufanya jambo ambalo vikwazo vimelizuia, mathalani kupeleka dawa, wao wanakiita "license". Kwa hiyo waraka mmoja unaweza kuwa na "sanction" inayozuia na "license" inayoruhusu, bega kwa bega. Neno la ruhusa limekimbia limehamia kwa jirani.

Hatua ya nne: jua uko uwanja gani

Siasa za kimataifa. Hapa "sanctions" ni vikwazo, na neno hili la Kiswahili limetulia kwenye redio tangu zamani. Wasikilizaji wa eneo letu walilizoea sana kuanzia Julai 1996, pale Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka Burundi na majirani, wakikutana Arusha huku Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, wakaiwekea nchi hiyo vikwazo vya kiuchumi. Vilisimamishwa Januari 1999. Kwa Kiingereza historia ya neno kwenye vichwa vya habari inatupeleka Ethiopia: Italia ilipoivamia Oktoba 1935, Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, liliiwekea Italia vikwazo, lakini mafuta hayakuguswa na Mfereji wa Suez haukufungwa. Julai 1936 vikaondolewa, Ethiopia ikiwa imeshakaliwa. Jambo la kushangaza kidogo: kifungu cha 41 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambacho ndicho msingi wa vikwazo vyote vya Baraza la Usalama, hakitumii neno "sanctions". Kinasema hatua zisizohusisha matumizi ya nguvu za kijeshi. Mfasiri wa nyaraka za Umoja wa Mataifa asiongeze neno ambalo maandishi hayana.

Michezo. Huu ndio uwanja unaochanganya kuliko yote, maana chama kile kile hutoa kibali cha mashindano na adhabu kwa wachezaji. "A sanctioned race" ni mbio zinazotambuliwa na chama cha riadha, na "a sanctioned athlete" ni mkimbiaji aliyeadhibiwa, pengine kwa dawa za kusisimua misuli. Februari 2022 FIFA ilipolifungia shirikisho la soka la Kenya, ungeweza kusoma kwamba FIFA imelifanyia "sanction" shirikisho, na ukurasa wa pili ukasoma juu ya "a FIFA-sanctioned match", mechi inayotambuliwa na FIFA. Kwa maana ya adhabu, usiandike "vikwazo" kwenye habari za michezo. Shabiki wa Dar anasema mchezaji *amefungiwa* mechi tatu, klabu *imefungiwa* kusajili. Nairobi utasikia *amepigwa marufuku*. Kwa maana ya kibali, "yanayotambuliwa na" hukaa vizuri kuliko "yaliyoidhinishwa na".

Sheria. Mahakama za Uingereza, na sheria za kampuni zilizofuata mkondo wao, zinazungumza juu ya mahakama kutoa "sanction" kwa mpango wa kampuni na wadai wake. Sheria ya Kampuni ya Uingereza ya mwaka 2006 inalitumia hivyo kwenye kifungu cha 899. Ni idhini. Huku "criminal sanctions" ni adhabu za jinai, na wakili aliyepata "sanction" kutoka kwa hakimu ameadhibiwa kwa utovu wa nidhamu. India wanasema "sanction for prosecution" kwa ruhusa ya kumshtaki mtumishi wa umma. Tanzania sheria ya uhujumu uchumi inatumia "consent" ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na mahabusu yeyote atakwambia wanasubiri *kibali cha DPP*.

Ofisi za Wahindi. Nimeliweka peke yake kwa sababu Waswahili wengi wanakutana nalo huko, ama wakisoma India, ama wakifanya kazi Oman na Falme za Kiarabu chini ya wahasibu kutoka Bombay au Kerala. Kiingereza chao kimeitunza maana ya idhini hai kabisa. "Sanction letter" ni barua ya benki inayokwambia mkopo umekubaliwa. "Leave sanctioned" ni likizo imekubaliwa. "Sanctioned posts" ni nafasi za kazi zilizoidhinishwa kwenye ikama. Kijana aliyelelewa na habari za televisheni akipokea "sanction letter" anaweza kupata presha bure. Fungua barua, ni habari njema.

Elimu ya jamii. Wanasosholojia wanagawa "positive sanctions" na "negative sanctions": namna jamii inavyomtia mtu moyo au kumrudi ili afuate desturi. Mwanafalsafa Jeremy Bentham mwaka 1789 alizipanga katika makundi manne: za maumbile, za kisiasa, za kimaadili na za kidini. Mwanafunzi wa chuo akiandika "vikwazo chanya" anaudhi masikio. Kwa mtu wa pwani mambo haya ni rahisi: anayetuzwa ukumbini amepata ya kwanza, anayesutwa kwa ngoma mlangoni kwake amepata ya pili. Andika "motisha za kijamii" na "adhabu za kijamii", au tumia mifano hiyo hiyo.

Hatua ya tano: chagua neno la Kiswahili

Ukishajua ni upande wa ruhusa, bado hujamaliza, kwa sababu Kiswahili ni tajiri hapa kuliko Kiingereza na kila neno lina kiti chake.

*Idhini* ni ya mwenye mamlaka ya kukubali jambo: bodi, Bunge, mahakama, mzazi. Imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu uliozaa pia adhana, na ndani yake mna habari ya sikio: aliyekupa idhini amekusikiliza. Kwa "sanction" ya ruhusa, hili ndilo neno la kuanza nalo, pamoja na kitenzi chake, kuidhinisha.

*Kibali* kinaelekea kwenye karatasi, au ruhusa ya jambo moja mahususi: kibali cha ujenzi, kibali cha kazi, kibali cha mkutano wa hadhara. Ukiona "sanction" inaweza kushikwa mkononi na kuonyeshwa askari, andika kibali.

*Leseni* inalipiwa, inahuishwa, na inahusu kazi au ujuzi unaoendelea. Hii ni ya "licence". Usiipe "sanction" hata siku moja.

*Ruhusa* ni ya kila siku. Mtoto anaomba ruhusa, mfanyakazi anaomba ruhusa ya kwenda msibani, mgonjwa anapewa ruhusa na daktari arudi nyumbani. Kiingereza hakitumii "sanction" kwa mambo madogo namna hii. Ndiyo maana mwanafunzi anayeandika "my mother sanctioned me to go to the shop" anachekesha mara mbili: ukubwa wa neno hauendi na duka, na ile "me" imemgeuza mama kuwa Baraza la Usalama.

*Ridhaa* ni ya moyo wa anayehusika. Mgonjwa anatoa ridhaa apasuliwe, bibi harusi anatoa ridhaa yake. Ni ya "consent".

*Baraka* nayo ipo, hasa kwa waandishi wa habari: mpango una baraka za chama. Inafaa pale "sanction" haina karatasi wala kikao, ni mkubwa tu ametikisa kichwa. Kwa mfano "tacit sanction", ambayo ukiiandika "idhini ya kimyakimya" inaeleweka, lakini "mkubwa amelifumbia macho" mara nyingi ndiyo hali halisi. Pima mwenyewe.

Upande wa pili maneno ni machache. *Vikwazo* ni vya nchi, serikali, makampuni na watu wakubwa. Neno limetoka kwa kukwaza, kumfanya mtu ajikwae, na kikwazo ni kile kisiki cha njiani. Kwa hiyo halimfai mwanafunzi aliyeibia mtihani. Huyo anapewa *adhabu*, au kwa lugha ya ofisi *anachukuliwa hatua za kinidhamu*. Mchezaji anafungiwa. Bidhaa inapigwa *marufuku*. Na silaha zikizuiwa peke yake, kama Somalia kuanzia azimio namba 733 la mwaka 1992 hadi zuio lilipoondolewa Desemba 2023, andika vikwazo vya silaha, hata kama Kiingereza kimetumia "embargo".

Hatua ya sita: ukiandika Kiingereza mwenyewe

Ushauri wangu ni wa mtu aliyeungua: usilitumie kama kitenzi kwenye barua ya kazi. Ukitaka kusema umekubali, "approve" na "authorise" hazina mtego. Ukitaka kusema umeadhibu, "penalise" ipo, au tumia nomino: "impose sanctions on". Orodha kama ile ya mteja wangu ingeandikwa "Banks under sanctions", nisingekuwa na la kusimulia.

Kama nomino ya idhini, "with the sanction of" bado ni nzuri kwenye maandishi mazito. Kwenye ujumbe wa simu inasikika kama mtu aliyevaa suti ufukweni.

Usiligeuze kuwa "sanctionize", halipo. Na "unsanctioned" liamini: linamaanisha lisilo na kibali. Kusema mtu hana vikwazo wanasema "not under sanctions".

Jipime

Soma sentensi kwanza, tafsiri kimoyomoyo, kisha endelea.

"The minister refused to sanction the payment." Malipo ni jambo, na kuna kukataa. Waziri alikataa kuidhinisha malipo hayo.

"The ship belongs to a sanctioned company." Meli hiyo ni ya kampuni iliyowekewa vikwazo.

"Students who cheat will face sanctions." Wingi, na wahusika ni wanafunzi. Watakaoibia mtihani wataadhibiwa. Ukiandika "watakabiliwa na vikwazo", mzazi atadhani mwanawe ameanza kusafirisha mafuta ghafi.

"The elders gave their sanction to the marriage." Umoja, "give", na jambo ni ndoa. Wazee waliibariki ndoa hiyo. Unaweza kuandika "waliidhinisha", lakini wazee wa wapi wanaidhinisha ndoa?

"There is no religious sanction for this custom." Hapa nenda polepole. Nje ya muktadha inaweza kuwa dini haiiungi mkono mila hii, au dini haina adhabu juu yake. Kwa kawaida ni ile ya kwanza, na "for" inaisukuma huko. Soma aya iliyotangulia kabla hujaandika.

"The regulator sanctioned the merger a year after the bank was sanctioned." Mamlaka ya usimamizi iliidhinisha muungano huo mwaka mmoja baada ya benki kuadhibiwa. Kama benki ilipigwa faini na mamlaka ya ndani, adhabu. Kama ni mambo ya kimataifa, vikwazo.

Ya mwisho ilinijia katika tangazo la mkutano: "The committee will sanction late registration." Kujiandikisha kwa kuchelewa ni tendo, kwa hiyo kanuni inasema litaruhusiwa. Lakini pia ni kosa dogo, kwa hiyo ule mwanya wa kwanza unasema litaadhibiwa. Hakuna wingi, hakuna "on", hakuna ukanushi. Sentensi ya namna hii haifasiriwi kwa kamusi. Unamwandikia mwenye tangazo unamuuliza, hata kama utaonekana hujui Kiingereza. Mimi niliuliza. Ilikuwa faini, dola 20.